Plagi Zifaazo kwa Pikapu Zetu za Zamani

(Hotuba ya Katibu wa Chama, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wenye magari, na kupigwa chapa katika kijitabu hiki kwa idhini ya Halmashauri.)



Wasemaji walionitangulia wameeleza habari za miaka 10 ya Chama chetu, tangu mizani ya kwanza hadi ghala hili tulimo. Mimi nimeagizwa kusema juu ya kitu kinachotoshea katika kiganja cha mkono, yaani plagi ya gari. Huenda wengine wakastaajabu kwamba jambo kama hili limepewa nafasi katika sherehe. Walakini kila mmoja wetu ajua kwamba kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi yapasa kumenywa siku ile ile. Ikilala ndani ya magunia huanza kuchacha, na uchachu ule haufichiki. Mwonjaji huukuta kikombeni hata baada ya miezi. Basi pikapu ikikataa kuwaka alasiri, magunia yamekwisha pakiwa, hasara si ya dereva peke yake. Ni ya kila mtu mwenye gunia ndani yake.

Magari ambayo twayategemea kwa kazi hii mengi ni Toyota Hilux za petroli za miaka ya 1980 na 1990, na nyingi kati yake zina injini iitwayo 22R, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1981. Ni injini ya silinda 4, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,366, na kichwa chake ni cha alumini. Nitaifanya hiyo kuwa mfano wangu. Mwenye gari la namna nyingine na afuate njia hii hii ya kufikiri, lakini hesabu zake azitafute katika kitabu cha gari lake mwenyewe. Na wenye pikapu za dizeli wanisamehe. Mwaka jana alikuja ndugu mmoja dukani akitaka plagi 4 kwa gari la dizeli, akakasirika tulipokataa kumwuzia. Dizeli haiwashwi kwa cheche, bali huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Plagi alizo nazo ni za kupashia injini moto asubuhi tu, nazo ni kitu kingine kabisa.

Kazi ya plagi ni kupokea umeme wa nguvu nyingi, wa maelfu ya volti, ambao koili imeuzalisha kutokana na volti 12 za betri, na kuuacha umeme huo uruke kutoka ncha ya katikati hadi mkono wa pembeni. Cheche ile ndiyo iwashayo petroli na hewa. Katika injini zetu kila plagi hutoa cheche mara moja kwa mizunguko miwili. Maana yake, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hupiga cheche mara 25 kwa kila nukta moja ya dakika. Na kati ya cheche moja na nyingine huingia hewa baridi na petroli, kisha moto mkali, kisha moshi. Sijui chombo kingine katika gari kinachotendwa hivyo na bado kinauzwa kwa bei ndogo namna ile.

Sasa, kuchagua. Watu wengi huchagua plagi kwa macho: huishika ile ya zamani mkono huu na mpya mkono huu, na zikifanana hulipa fedha. Njia hiyo haitoshi, kwa kuwa plagi mbili zaweza kuingia katika tundu moja na kufungika vizuri, kumbe moja yafaa na nyingine yaharibu. Majibu yamo katika herufi na tarakimu zilizoandikwa juu ya kauri. Plagi ya kampuni ya NGK ya Japani ifaayo kwa injini ya 22R huandikwa BPR5EY. B yaeleza upana wa hesi, yaani ile mizingo ya kufungia, kwamba ni milimita 14, na kwamba spana yake ni ya milimita 20.8. P yaeleza kwamba pua ya kauri imechomoza nje. R yaeleza kwamba ndani mna kizuizi cha kupunguza makelele ya redio, nacho hakidhuru kitu. Tarakimu 5 ni daraja ya joto, nitakayoieleza punde. E ni urefu wa hesi, milimita 19. Y ni mfuo mdogo uliochongwa katika ncha ya katikati. Ikikosekana hiyo, BPR5ES hufaa pia, kwani tofauti yao ni ncha tu. Kwa upande wa Denso, iliyo sawa nayo ni W16EXR-U.

Jihadharini na daraja ya joto, kwani hapo ndipo pana makosa mengi. Plagi yapasa kuwa na joto la kutosha kuyaunguza masizi yanayoikalia, lakini isiwe na joto la kupita kiasi hata ikawasha petroli yenyewe kabla cheche haijatoka. Ikiwa chini ya nyuzi 450 hivi za sentigredi, masizi hubaki. Ikipita nyuzi 800 na zaidi, yaanza hatari ya petroli kuwaka kabla ya wakati wake, na pistoni yaweza kutoboka. Joto hilo laongozwa na urefu wa pua ya kauri. Pua ikiwa ndefu, joto lina safari ndefu ya kufika kwenye chuma na kutoka; hiyo huitwa plagi ya moto. Pua ikiwa fupi, joto hutoka upesi. Hiyo ni plagi ya baridi. Kutoka daraja moja hadi nyingine, joto la ncha hupanda au kushuka kwa nyuzi 70 hadi 100.

Tena kuna mtego. Kwa NGK na Denso, tarakimu ikizidi, plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: tarakimu ikizidi, plagi ni ya moto zaidi. Basi mtu aliyezoea hesabu ya kampuni moja akienda kununua ya kampuni nyingine kwa kulinganisha tarakimu tu, atakwenda upande usio wake. Yafaa kutazama jedwali la kulinganisha, ambalo tumelibandika ukutani dukani mwetu.

Nitoe mfano ulio mlangoni petu. Wengi wetu tuna mashine ndogo za kusukuma maji au kumenyea kahawa zenye injini ya Honda GX160. Plagi yake ni BPR6ES. Hesi ni ile ile ya milimita 14, urefu ule ule wa milimita 19, spana ile ile. Kwa hiyo pikapu ikikwama, mtu huchomoa plagi ya mashine na kuitia garini, na gari huwaka, naye huondoka akisifu akili yake. Tofauti ni daraja moja: 6 ni ya baridi kuliko 5. Kwa safari moja ya dharura haidhuru. Lakini akiiacha humo, naye mwendo wake ni wa polepole kutoka shamba hadi kituo na kurudi, injini isipate kuchemka sawasawa, baada ya muda plagi ile itavaa masizi na kuanza kukosa cheche. Na aliyefanya kinyume, akaitia ya gari katika mashine inayofanya kazi saa nyingi mfululizo kwa mzigo mzito, anaicheza injini yake. Plagi za pikipiki hazina hatari hiyo, kwani nyingi ni za hesi ya milimita 10 au 12 na haziingii kabisa.

Juu ya urefu wa hesi nitasema kwa kisa kilichotukia katika chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja jina. Dereva wa pikapu yao alishukiwa kuuza petroli. Kitabu cha petroli kilionyesha kwamba matumizi yanapanda, na kitabu cha safari kilionyesha kwamba safari ni zile zile. Halmashauri yao ikakutana, ikamsimamisha bila mshahara. Mtu huyu ana watoto wanaosoma, naye alikuwa ameshika usukani ule miaka mingi. Akaajiriwa dereva mwingine, na kitabu kikaendelea kuonyesha matumizi yale yale. Hapo mzee mmoja wa halmashauri akauliza swali ambalo lilipasa kuulizwa mwanzo: je, na huyu naye amekuwa mwizi katika juma la kwanza?

Ndipo fundi akaitwa. Akazijaribu silinda moja moja, na alipoukata umeme wa silinda ya tatu, mngurumo wa injini haukubadilika hata kidogo. Maana yake silinda ile ilikuwa haifanyi kazi. Gari lilikuwa likipanda milima kwa silinda 3, na petroli ya ile ya nne ikitoka kwa bomba la moshi bila kuwaka. Plagi ilipofunguliwa ilionekana kuwa ni ya hesi ya milimita 12.7, iliyonunuliwa pekee gulioni ilipovunjika moja ya zile za kwanza. Kwa macho yalifanana. Lakini ncha yake ilikuwa imejificha ndani ya tundu kama konokono, mbali na petroli, na mizingo ya tundu iliyobaki wazi ilikuwa imejaa masizi magumu, hata plagi ya urefu sahihi haikuweza kuingia mpaka yakwanguliwe. Tena petroli isiyowaka ilikuwa imeosha mafuta katika kuta za silinda na kuyafanya mafuta ya injini kuwa mepesi. Dereva wa kwanza alirudishwa, akalipwa mshahara wake wa siku zile, akaombwa radhi mbele ya mkutano mkuu. Naona hilo la mwisho lilifanywa vizuri, kwani alishukiwa hadharani.

Nataja pia kinyume chake: plagi ndefu katika tundu fupi. Hapo pistoni yaweza kuigonga, na hasara ni ya injini nzima.

Juu ya mwanya. Kwa injini ya 22R mwanya kati ya ncha na mkono ni milimita 0.8. Plagi mpya isiaminiwe kwamba imekuja na mwanya huo, ipimwe. Ikiwa mwishoni mwa jina pana 11, imetengenezwa kwa mwanya wa milimita 1.1, nayo ni ya magari mengine. Mafundi wetu wengi hupima kwa kipande cha msumeno wa kukatia chuma. Msumeno ule aghalabu una unene upatao milimita 0.6 hivi, kwa hiyo mwanya huwa mwembamba kuliko upasavyo, cheche huwa fupi, na injini hutetemeka ikiwa imesimama. Kipimo chenye vipande vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake si cha bei kubwa, na kimoja chatosha kijiji kizima. Wakati wa kurekebisha, upindwe mkono wa pembeni peke yake. Ncha ya katikati isitumiwe kuwa egemeo, maana kauri itapasuka kwa ndani na ufa hautaonekana.

Siku hizi kuna plagi za iridiamu na za platinamu, na wauzaji huzisifu sana. Sifa zao si za uongo. Katika gari jipya zaweza kwenda kilomita 100,000, ilhali plagi za kawaida za nikeli hubadilishwa kila baada ya kilomita 15,000 hadi 20,000. Lakini mimi, kwa magari yetu haya, sizipendekezi. Injini iliyochakaa ringi hupandisha mafuta ya injini, na mafuta hayo huichafua plagi ya bei kubwa kama yanavyoichafua ya bei ndogo. Ya nini kuweka kufuli ya fedha katika mlango wa makuti? Nunueni za nikeli, zilizo sahihi, zote nne kwa pamoja, na kuzibadilisha kwa wakati.

Sasa la bandia. Hili latukera sana, kwa sababu boksi huwa zuri kuliko kilichomo. Yapo mambo ya kutazama kabla ya kulipa. Washa ya plagi halisi ya NGK imebanwa hata haitoki kwa kuzungushwa kwa vidole. Ya bandia mara nyingi hutoka kama pete. Maandishi juu ya kauri yawe safi, yasifutike kwa ukucha. Mkono wa pembeni uwe katikati sawasawa juu ya ncha, usielekee kando. Mizingo ya hesi iwe laini, bila makwaruzo ya chuma. Na bei ikiwa chini mno kuliko ya maduka mengine yote, mjiulize ni nani aliyeamua kupata hasara kwa ajili yenu.

Plagi iliyokwisha tumika yafaa kusomwa kama barua. Ikiwa na rangi ya hudhurungi hafifu au kijivu, injini yaenda vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli ni nyingi kuliko hewa: tazameni chujio la hewa, choki, na kabureta. Sisi wa milimani tuna sababu ya pekee hapa, kwani hewa hupungua kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000 tunazopanda, na gari ambalo kabureta yake ilirekebishwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, likifika huku hupata petroli nyingi mno. Wako wanaotibu weusi huo kwa kutia plagi ya moto zaidi. Huko ni kufunika chungu kinachofurika badala ya kupunguza kuni. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, ringi au sili za valvu zimechoka. Ikiwa nyeupe na yenye malengelenge, injini yapata joto la kupita kiasi, na msiendelee kuiendesha kabla sababu haijajulikana. Vitabu vya zamani husema pia juu ya utando wa risasi. Habari hiyo mwaweza kuiruka, kwa kuwa nchi za kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006.

Na ile desturi ya kuichoma plagi chafu juu ya makaa, naomba tuiache. Masizi huungua, ni kweli, na gari huwaka. Lakini moto wa upande mmoja huipasua kauri, nayo brashi ya chuma ikisuguliwa juu yake huacha chembechembe za chuma zinazoupitisha umeme kando. Plagi hiyo itawaka nyumbani na kuzima mlimani.

Nimalize na kufunga. Injini iwe imepoa, kwani hesi za alumini zikiwa moto huvurugika upesi. Pulizeni vumbi kuzunguka plagi kwa pampu ya baiskeli kabla ya kuifungua, lisije likaanguka ndani. Ondoeni waya mmoja kwa wakati mmoja, ili msisahau mahali pake. Utaratibu wa kuwaka katika 22R ni 1, 3, 4, 2. Plagi mpya ianzwe kwa vidole, au kwa kuchomekwa katika kipande cha mpira wa petroli na kuzungushwa polepole. Ikikataa, irudishwe na kuanza upya, isilazimishwe. Ikifika mwisho kwa vidole, spana na iongeze nusu ya mzunguko, au zaidi kidogo tu, hata washa mpya ibanike. Iliyokwisha fungwa kabla huhitaji sehemu ndogo sana ya mzunguko. Msipake grisi katika hesi: watengenezaji hawaitaki, kwani mkono hudanganyika na kukaza kupita kiasi. Kukata hesi mpya katika kichwa cha alumini ni gharama inayozidi plagi za miaka mingi.

Halmashauri imekubali kwamba duka la Chama litaweka BPR5EY na W16EXR-U, zinunuliwe kwa wakala anayejulikana, na kuuzwa kwa seti ya 4. Kila mwenye gari linalobeba kahawa ya Chama atapewa kadi ya kuandika tarehe na kilomita za siku ya kubadilisha. Kipimo cha mwanya kitaazimwa kwa kutia sahihi katika daftari ya ghala.

Pikapu ya Chama imesimama nje, na injini yake imekwisha poa tangu asubuhi. Fundi yuko tayari kuzifungua plagi zote nne na kuzipanga juu ya meza kwa utaratibu wa silinda zake, ili kila mtu azisome mwenyewe. Tafadhali wazee watangulie, na vijana wasimame nyuma yao.